Upinde wa Kompaundi wa Bei Nafuu: Mshale Ukienda Kombo, Anza Kuchunguza Wapi?

Agosti ikifika na msimu wa kulungu ukikaribia Ohio, Kentucky, Iowa na Pennsylvania huko Marekani, maswali ya ndugu zetu walioko huko hufanana. Mtu kanunua upinde wa kompaundi wa dola 400, umekuja na kila kitu: kilengeo, egemeo la mshale, podo. Anapiga, mishale inatawanyika, na baada ya muda keshaamua kuwa ubaya ni bei. Sasa anatafuta wa dola 1,200. Ningemshauri azuie pesa yake kwanza. Akiununua huo wa pili bila kujua kilichomsumbua kwenye wa kwanza, mishale itatawanyika vilevile, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Upinde wa kompaundi ni teknolojia iliyokwisha kukomaa. Holless Wilbur Allen, Mmarekani wa Missouri, aliomba hataza yake mwaka 1966 akaipata 1969. Zile kemu za nchani, yaani magurudumu yasiyo duara kamili, ndizo zinazofanya uzito wa kuvuta uwe mkubwa katikati ya mvuto na kushuka ukifika mwisho. Punguzo hilo kwa kawaida ni asilimia 75 hadi 85, kwa hiyo upinde wa ratili (pauni) 60 unabaki na ratili 9 hadi 15 tu mkononi wakati unalenga. Upinde wa bei nafuu unaifanya kazi hiyo vizuri. Tofauti yake na wa bei ghali iko kwenye ulaini wa kuvuta, mtikisiko, kelele na kasi kidogo. Katika umbali wa yadi 20 au 30, ambako wawindaji wengi wa upinde humfuma kulungu, tofauti hiyo haitoshi kueleza mshale uliokosa shabaha kwa shubiri nzima.

Kinachowaponza wengi ni kipimo. Pinde kama Bear Cruzer G2 au Diamond Infinite Edge Pro zimetengenezwa zimfae mtoto na mtu mzima pia. Cruzer G2 inarekebishika kuanzia urefu wa kuvuta (kiasi ugwe unavyorudi nyuma) wa inchi 12 hadi 30, na uzito wa kuvuta wa ratili 5 hadi 70, kwa spana za Allen tu. Uzuri huohuo ndio mtego, kwa sababu upinde unaoweza kumfaa kila mtu hutoka kwenye boksi ukiwa bado haujamfaa yeyote.

Kwa hiyo chunguza hivi: mwili wako kwanza, mshale wa pili, upinde wa mwisho. Badilisha kitu kimoja, upige mishale kadhaa, ndipo uguse kingine. Anayezungusha boliti, kusogeza egemeo na kubadilisha chembe (ncha ya chuma ya mshale) siku hiyohiyo hatajua ni kipi kilichotibu.

Dalili za kuacha kupiga papo hapo

Upinde umefyatuliwa bila mshale. Hii ndiyo ajali kubwa ya upinde wa kompaundi, na huwapata zaidi marafiki wanaopita nyumbani na kutaka "kujaribu kidogo tu". Nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi yote kwenye upinde. Ugwe, yaani kamba ya upinde, unaweza kuchomoka kwenye kemu, kemu ikapinda, na zile bapa mbili zinazopinda juu na chini, ambazo hapa nitaziita mbawa, zikapata ufa usioonekana. Usiuvute tena kuona kama mzima. Chukua pamba, ipitishe polepole juu ya mbawa zote, pande zote. Pamba ikinasa mahali, nyuzi za mbawa zimeinuka hapo. Hata isiponasa, upeleke kwa fundi mwenye presi ya upinde, mashine ya kuzibana mbawa ili ugwe ulegee, aukague.

Mshale wa kaboni umegongana na mwenzake au umepiga kitu kigumu. Ushike ncha na mkia, upinde kidogo huku ukiuzungusha, kisha usokote. Ukisikia mlio wa kukatika au ukiona nywele za kaboni, uvunje utupe. Mshale wenye ufa unaweza kupasuka ukiwa unaachiliwa na kukuingia mkononi. Hakuna mshale wa dola 8 unaostahili mkono wako.

Ugwe una nyuzi zilizokatika. Manyoya madogomadogo ni ukavu tu: paka nta, sugua kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia ndani. Uzi uliokatika kabisa hautibiwi na nta. Ugwe na kebo, zile kamba nyingine zinazounganisha kemu, hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu hata kama macho hayajaona kasoro, na kwenye upinde uliokwisha kutumika hili ndilo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji. Asipojua ugwe ulibadilishwa lini, ongeza gharama ya ugwe mpya kwenye bei kabla hujasema "nimechukua".

Huwezi kuuvuta bila kuuelekeza mawinguni

Chanzo ni uzito uliozidi nguvu zako, na nyuma yake mara nyingi kuna ubishi wa wanaume. Jirani anavuta ratili 70, nami nivute 70. Kulungu wa mkia mweupe hahitaji hizo. Sheria za majimbo zenyewe hazidai nyingi: Ohio inataka upinde usiopungua ratili 40, Pennsylvania 35. Soma kijitabu cha kanuni cha mwaka husika cha jimbo lako, maana kanuni hubadilika, na humohumo utakuta upana wa chini wa chembe na masharti ya leseni na mafunzo ya uwindaji.

Jipime hivi. Kaa kwenye kiti, nyoosha miguu mbele, vuta upinde ukiwa na mshale umeelekea shabahani, bila kuupandisha wala kuurusha mgongo nyuma. Ukifika mwisho, shikilia sekunde 30. Ukishindwa, punguza. Boliti mbili za mbawa, ya juu na ya chini, hulegezwa kwa mizunguko sawasawa. Mzunguko mmoja mzima hupunguza takriban ratili 2 au 3. Usilegeze kupita idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha upinde wako, kwa sababu boliti ikitoka ubawa unaruka.

Kumbuka pia kwamba wakati wa kuwinda utavuta ukiwa umekaa saa tatu kwenye baridi ya Novemba, umevaa koti zito, misuli imeganda, na huna ruhusa ya kutikisika. Uzito unaouvuta kwa raha uani Agosti ndio utakaouvuta kwa shida siku hiyo. Mtu mzima wa kawaida anayeanza akiwa na ratili 45 hadi 55 yuko mahali pazuri.

Ugwe unakuchapa mkono, au unalazimika kuinamisha kichwa kuufikia

Urefu wa kuvuta umekosewa. Kama ningepewa nafasi ya kurekebisha kitu kimoja tu kwenye upinde wa mtu nisiyemjua, ningerekebisha hiki.

Urefu ukizidi, utaona mtu anaegemea nyuma, bega la mkono unaoshika upinde limepanda karibu na sikio, kiwiko kimenyooka kabisa, na ugwe unapita juu ya mkono na kuacha alama nyekundu. Mishale yake husambaa zaidi kushoto na kulia. Ukipungua, mtu anajikunja, mkono wa mbele umepinda sana, na pini ya kilengeo haitulii. Wanaoanza wengi huwa wamezidisha, kwa sababu urefu mkubwa huongeza kasi na muuzaji hupenda kuitaja kasi.

Simama ukutani, nyoosha mikono yote pembeni bila kuivuta kwa nguvu, mtu akupime kuanzia ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati kwa inchi. Gawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anapata 28. Hicho ni kipimo cha kuanzia. Mwili ndio wa mwisho kusema. Ukivuta hadi mwisho, ugwe uguse ncha ya pua na pembe ya mdomo huku kichwa kimenyooka, na kiwiko cha mbele kiwe kimelegea kidogo. Ukihitaji kukipeleka kichwa kwenye ugwe, badili nusu inchi ujaribu tena. Kwenye pinde nyingi za bei nafuu ni kazi ya kusogeza kipande kimoja kwenye kila kemu, na namba ya juu na ya chini lazima zifanane.

Koti la baridi nalo huweza kuleta dalili hiyohiyo ghafla mwezi wa Novemba kwa mtu ambaye hajawahi kuchapwa kiangazi kizima. Hapo usiguse kemu. Funga kikinga mkono juu ya mkono wa koti.

Mishale inatawanyika huku na huku, bila mpangilio

Mshiko ndio mshukiwa wa kwanza. Mpini wa upinde haukabwi. Unakaa kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, karibu na mstari mkubwa wa kiganja, vifundo vya vidole vimeelekea nje kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na vidole vimelegea. Ukiukaza, unausokota kila mara kwa namna tofauti, na mshale unafuata msokoto. Anayeogopa kuuangusha afunge kamba ya kifundo. Inauzwa bei ya chakula cha mchana.

Mshukiwa wa pili ni kidole kinachofyatua. Wengi wetu hutumia kifyatulio cha kufunga kwenye kifundo, chenye kichochea cha kidole cha shahada. Pini ikipita katikati ya shabaha, ubongo unapiga kelele "sasa!" na kidole kinadunda. Upinde unashtuka kabla mshale haujaondoka. Tatizo hili likikomaa mtu huanza kushindwa hata kuipeleka pini katikati: inagandia chini ya duara na haipandi. Dawa yake haina gharama ila inachosha. Simama hatua tatu au nne mbele ya shabaha kubwa, vuta, fumba macho, weka kidole kikigusa kichochea kikamilifu, kisha endelea kuvuta kwa misuli ya mgongo mpaka kifyatuke chenyewe. Hakuna kulenga. Rudia jioni baada ya jioni mpaka kila mfyatuko ukukute hukuutarajia, maana ndivyo unavyotakiwa.

Ukisharidhika na mshiko na kidole, geukia vyuma. Shika kila kitu kilichofungwa kwa skrubu ukitikise: kilengeo, egemeo, podo, kitulizaji (kile kifimbo cha mbele cha kuutuliza upinde). Pinde za kifurushi hufungwa harakaharaka kiwandani, na mtikisiko hulegeza. Chora mstari mdogo wa kalamu ya alama kwenye egemeo na kilengeo ili kesho ujue kama kimesogea.

Halafu tazama tundu la kuchungulia lililo kwenye ugwe. Ugwe wa kiwandani wa upinde wa bei nafuu hunyooka kidogo kwa mazoezi ya mwanzo, na tundu linazunguka. Leo unaliona duara, kesho unaona jicho la paka. Usilizungushe kwa vidole kila unapovuta. Fundi huongeza au kupunguza msokoto kwenye ugwe na tundu linarudi. Asilipange kabla hujapiga mishale mia hivi, la sivyo utarudi kwake tena.

Mishale inakaa pamoja, lakini si mahali ulipolenga

Hongera, upinde wako mzima na wewe mzima. Kilichobaki ni kilengeo. Sogeza pini kuufuata mshale: mishale ikienda kushoto, pini iende kushoto; ikienda juu, pini ipande. Anza yadi 10, kisha 20 ambayo ni kama mita 18, ndipo 30. Usisogeze kwa ajili ya mshale mmoja. Piga mitatu, tazama katikati yake.

Kilengeo kikiwa na kile kibomba kidogo cha maji chenye povu, kitazame kila unapovuta. Kuna anayepiga sawasawa yadi 20 akatoka kulia yadi 40, na kisa chote ni kwamba anaulaza upinde.

Mshale unaruka huku ukitikisa mkia

Hapa ndipo mshale wenyewe unapoingia, na hapa ndipo wanunuzi wa bei nafuu hujipunja. Wamelipa dola 400 za upinde, halafu wananunua mishale sita yoyote iliyo kwenye punguzo. Afadhali upinde wa kawaida wenye mishale inayoufaa kuliko upinde wa kifahari wenye mishale ya kubahatisha.

Kila wano, yaani mti wa mshale wenyewe, lina namba ya ugumu: 340, 400, 500. Namba kubwa maana yake laini zaidi. Hupatikana kwa kuliegemeza wano kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28 na kutundika katikati uzito wa ratili 1.94, likibonyea inchi 0.400, hilo ni 400. Upinde wa ratili 60 wenye urefu wa kuvuta wa inchi 28 na chembe cha greni 100 kwa kawaida huangukia kwenye 400. Wa ratili 70 huelekea 340, wa ratili 50 huelekea 500. Jedwali la mtengenezaji wa mishale ndilo hakimu. Ukiongeza uzito wa chembe au ukiacha wano refu zaidi, wano hufanya kazi kana kwamba ni laini zaidi, na hilo huwashangaza wanaobadili chembe cha greni 100 kwa cha 125 bila kubadili kingine.

Uzito wa mshale mzima una mpaka wake wa chini pia. Greni 7,000 hufanya ratili moja, na watengenezaji wengi hawataki mshale upungue greni 5 kwa kila ratili ya kuvuta. Kwa upinde wa ratili 60 hiyo ni greni 300. Ukienda chini ya hapo unakaribia kufyatua bila mshale. Kwa kuwinda, mimi sitaki kusikia chini ya 400.

Mishale ikiwa sahihi na bado mkia unatikisika, fanya jaribio la karatasi. Nyoosha karatasi kubwa kwenye fremu ya mbao, weka shabaha nyuma yake, simama kama mita mbili, piga katikati. Tundu zuri ni duara dogo lenye alama za manyoya kuzunguka. Mpasuko ukionyesha mkia ulipita juu ya chembe, pandisha egemeo kidogo au shusha kitanzi cha ugwe, kile kinachoshikwa na kifyatulio. Mkia ukipita chini, fanya kinyume. Mpasuko wa kushoto au kulia ni msumbufu zaidi kwa sababu mshiko mbaya huutengeneza pia. Kwa hiyo rudia ukiwa umelegeza kiganja kabla hujagusa chochote. Ukibaki uleule, sogeza egemeo chini ya milimita moja upande mmoja na upige. Mpasuko ukikua, rudi upande wa pili.

Mpasuko unaokataa kila tiba mara nyingi ni manyoya kugusa egemeo. Nyunyizia poda ya miguu kwenye manyoya na egemeo, piga, kisha tafuta mchubuko. Kuzungusha noki, kile kipande cha mkiani kinachoushika ugwe, kidogo tu kunaweza kuumaliza ugomvi.

Baada ya hapo ndipo uishuku kemu. Chora kwa kalamu ya alama pale kebo inapoingia kwenye kila kemu siku ambayo upinde unapiga vizuri. Miezi ikipita na alama ya juu ikasogea huku ya chini imekaa, kebo imenyooka na kemu hazigeuki pamoja tena. Hiyo ni kazi ya presi na fundi. Usijaribu kubuni presi ya nyumbani kwa kamba na mbao.

Vyembe vya mazoezi vinapiga sawa, vya kuwindia vinakwenda kwingine

Chembe cha kuwindia kina visu, na visu hushika upepo kama mabawa. Kosa dogo ambalo manyoya ya nyuma yalikuwa yakilisahihisha kimyakimya sasa linaonekana. Kwanza zungusha mshale ukisimama kwenye chembe chake juu ya kioo au meza. Chembe kikiyumba, hakikukaa sawa kwenye wano. Kikiwa sawa na bado kinatoka, egemeo ndilo la kusogezwa, tena kwa uchache uleule: lisogeze upande ambao ungependa chembe cha kuwindia kihamie. Vikipiga kushoto kwa vile vya mazoezi, egemeo liende kulia. Kilengeo usikiguse mpaka vyote viwili vikutane.

Kwa wanaovuta ratili chache, mwanamke mwembamba au kijana kwa mfano, chembe cha visu vilivyokaa wazi daima ni bora kuliko kile kinachofunguka kikigusa ngozi, kwa kuwa kufunguka kunakula nguvu. Visu vya mazoezi visiwe vya kuwindia. Shabaha ya povu huvifanya butu.

Kasi si ile uliyoahidiwa

Hukutapeliwa. Futi 315 kwa sekunde zilizotangazwa kwa Cruzer G2, au 310 kwa Infinite Edge Pro, hupimwa kwa ratili 70, urefu wa inchi 30 na mshale wa greni 350. Wewe una ratili 60, inchi 28 na mshale wa greni 400. Toa kama futi 10 kwa kila inchi, kama 20 kwa ratili kumi, na futi moja kwa kila greni tatu ulizoongeza: unabaki karibu na 255. Mshale huo una nguvu ya futi-ratili kama 58, wakati Easton, watengenezaji wa mishale, hupendekeza 25 hadi 41 kwa mnyama wa ukubwa wa kulungu. Unazo za kutosha na chenji inabaki.

Kelele ni jambo zito kuliko kasi. Yadi 30 ni futi 90. Sauti ya ugwe inamfikia kulungu ndani ya sehemu 8 za mia za sekunde. Mshale wako unachukua sehemu 35. Katika robo sekunde iliyobaki, kulungu aliyeshtuka huinama ili aruke, na mshale uliolengwa moyoni unapita juu ya mgongo. Hata upinde wa futi 340 hauishindi sauti. Kaza skrubu, weka vizuia mtikisiko vya mpira kwenye ugwe na mbawa, tumia mshale mzito kidogo, na usimpige kulungu aliyesimamisha masikio.

Uani hukosi, porini unakosa

Juu ya jukwaa la mtini pembe inabadilika. Anayeshusha mkono tu kuelekea chini anaharibu umbo lote alilolizoea, na tundu la kuchungulia haliko tena mbele ya jicho. Vuta kama kwamba shabaha iko mbele yako, kisha pinda kiunoni. Fanya mazoezi ukiwa umekaa, umevaa koti na mkanda kamili wa mwili wa kuzuia kuanguka. Mkanda huo hufungwa tangu miguu ikiwa bado ardhini. Pima umbali wa miti mitatu minne inayokuzunguka kabla mnyama hajaja. Na uvute wakati kichwa chake kiko nyuma ya shina.

Umempiga, lakini humwoni

Hapa waliokulia karibu na upinde wa jadi wana jambo la kusahau. Mwindaji wa Kikamba au Mhadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi alitegemea sumu, kama ile inayopikwa kutokana na mti wa msunguti. Mshale ukishaingia nyamani, kilichobaki ni kufuatilia. Mshale wa kompaundi hauna sumu, na majimbo mengi ya Marekani hayairuhusu. Unaua kwa kukata mishipa na mapafu tu. Jeraha la pajani au tumboni ni mnyama aliyepotea, kwa hiyo subiri asimame ubavu, au amegeuka kidogo akikupa kisogo, na ulenge nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Anayekutazama usoni mwache apite. (Walioko nyumbani nao wasikimbilie kujaribu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hii mwaka 1977, na Tanzania hakuna kuwinda bila leseni.)

Usishuke mara moja. Tazama alikoingia, kumbuka mti wa mwisho aliopita, kisha nenda kwenye mshale wako ukausome. Damu nyekundu yenye mapovu ni mapafu: subiri nusu saa, hatakuwa mbali. Damu nyeusi nzito bila mapovu ni ini: subiri kwa muda wa saa nne hadi sita. Mshale wenye majimaji ya kijani na harufu ya matumbo unakutaka uondoke kimya kwa njia uliyokuja, urudi baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Ukimfuata mapema atainuka pale alipolala na kukimbia bila kuacha tone. Jioni ya joto ya Septemba nyama itakuwa inaharibika huku unasubiri, na hakuna njia ya kulikwepa hilo ila mbwa mfuatiliaji anayeongozwa kwa kamba, pale jimbo linaporuhusu. Tafuta namba ya mwenye mbwa huyo kabla msimu haujafunguliwa, pamoja na ya jirani ambaye kulungu anaweza kuvuka ua wake, maana katika majimbo mengi bila ruhusa yake huruhusiwi kukanyaga kule hata kama unamwona kalala.